Kabla ya kuuliza ndege itaruka lini, tuulize kuhusu tangi lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo moja ambalo, katika habari zote nilizosoma za vijana wanaojiundia ndege ndogo majumbani, sijawahi kuliona likiulizwa. Picha huonyesha mabawa, injini na umati wa watoto waliozunguka. Mwandishi huuliza chombo kitaruka lini na kimegharimu shilingi ngapi. Hakuna anayeinama kutazama tangi la mafuta. Mimi nilikuwa fundi wa matengenezo ya ndege kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, ninaishi Ukonga, na haya ninayoyaandika yametokana na kazi hiyo pamoja na tangi moja lililoletwa uani kwangu mwaka jana likiwa limepakiwa kwenye bajaji.

Aliyelileta ni kijana wa miaka ishirini na kitu, anayeunda ndege ya viti viwili yenye bawa la juu, ya mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, nyuma ya nyumba ya shangazi yake. Aliniamkia, akaketi, kisha akasema, "Mzee wangu, nimeambiwa ulikuwa fundi uwanjani. Naomba unitazamie hili." Lilikuwa sanduku la alumini la kama lita 40, lililochomelewa katika eneo la Gerezani na fundi ambaye kazi yake ya kila siku ni masufuria makubwa ya shughuli. Pembe zake zilikuwa kali kama za kasha la mbao. Mshono mmoja uliokuwa ukivuja ulikuwa umefunikwa kwa silikoni, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya kuzibia vioo vya madirisha. Mpango wake ulikuwa kulifunga kwa bolti juu ya magoti ya rubani, nyuma tu ya ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Alikuwa amelijaza maji usiku kucha na asubuhi akalikuta kavu kwa nje. "Halivuji, Mzee," alisema. Nilimjibu kwamba kwa maji ni kweli halivuji.

Petroli ni nyepesi na telezi kuliko maji, nayo hupenya kwenye ufa ambao tone la maji lingeng'ang'ania mlangoni mwake bila kupita. Tangi linaloshikilia maji mwezi mzima linaweza kutoa harufu ya petroli ndani ya saa moja. Kuhusu ile silikoni, sikubishana naye; nilikata kipande, nikakitia kwenye chupa ya jamu yenye petroli kidogo, nikamwambia arudi baada ya siku tatu. Aliporudi kilikuwa kimevimba, na kilipokwaruzwa kwa ukucha kikamomonyoka kama ugali uliolala. Vipande vya namna hiyo vikianza kusafiri ndani ya bomba, hufika kwenye chujio au kabureta wakati ndege iko juu ya mapaa ya watu.

Alipoona hivyo akasema atalirudisha tangi Gerezani likachomelewe upya. Nikamuuliza kama lilishawahi kutiwa petroli. "Lita mbili tu, za kujaribu, na nilizimwaga zote." Hapo ndipo nilipoogopa kwa kweli, kwa sababu wengi wetu huamini kwamba tangi lililojaa ndilo la hatari na lililomwagwa ni salama. Kinachowaka ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo huwaka pale mvuke unapokuwa kati ya takribani asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa iliyomo. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Dar es Salaam la mwezi Februari. Kijiko kimoja cha chai kikigeuka mvuke ndani ya tangi la lita 40 kinatosha kulifanya bomu, na kijiko kimoja ndicho hasa hubaki kwenye kona na mishono ya tangi ambalo mwenyewe anaapa kuwa amelimwaga. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi ukapotea. Hutambaa chini na kutulia sakafuni. Baada ya yaliyotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha penye lori la mafuta lililopinduka, sidhani kama kuna Mtanzania anayehitaji kuelezwa zaidi mvuke wa petroli ni kitu gani.

Nianze na mahali pa kuliweka tangi, kwa kuwa hilo huamuliwa mapema na baadaye huwa vigumu kulibadili. Kijana huyu hakubuni upuuzi. Piper Cub, ndege ya Kimarekani ambayo marubani wengi wa zamani walijifunzia, ilikuwa na tangi la galoni 12, yaani kama lita 45, mbele ya dashibodi, na kipimo chake cha mafuta kilikuwa kipande cha koki ya chupa kinachoelea, chenye waya uliochomoza kupitia kwenye mfuniko. Mafuta hushuka yenyewe hadi kwenye injini bila pampu, na rubani huona waya ukizama kadiri anavyoruka. Ubaya wake ni kwamba ndege ndogo inapoanguka hupiga kwa pua, injini hurudi nyuma, na tangi hubanwa kati ya injini na mapaja ya watu. Mimi ningeliweka ndani ya bawa, mbali na miili ya watu na mbali na bomba la moshi, hata kama itabidi kuongeza mabomba na koki. Anayeng'ang'ania kuliweka mbele basi angalau afuate kanuni ambazo Marekani ilizitumia kwa miongo mingi kuidhinisha ndege ndogo za viwandani: tangi lisiwe upande wa injini wa ukuta ule, na kati ya tangi na ukuta paachwe nafasi isiyopungua nusu inchi. Kanuni hizo hazimlazimishi mtu anayejiundia ndege yake, lakini sijaona sababu ya mtu huyo kuchagua tangi dhaifu kuliko la kiwandani.

Sasa tangi lenyewe. Neno alumini linaficha mambo mengi. Iko alumini ya namba 5052, ambayo huchomelewa vizuri na kustahimili kutu. Iko 2024, ambayo ina nguvu sana lakini haifai kuchomelewa kwa njia za kawaida za karakana, hivyo bati zake huunganishwa kwa ribiti na mishono ikazibwa kwa gundi maalumu ya polisalfaidi inayotumika katika matangi ya ndege. Na liko bati la mtaani ambalo muuzaji mwenyewe hajui lilitoka wapi. Hilo la mwisho ndilo lililokuja kwenye bajaji. Simlaumu fundi wa masufuria: sufuria haitetemeki mara elfu kadhaa kwa dakika kwa saa nyingi mfululizo, tangi la ndege hutetemeka. Mtetemo huo hutafuta mahali palipo pagumu kuliko pengine, na mahali hapo karibu siku zote ni pembeni mwa mshono. Ndiyo maana fundi mzoefu hukunja bati kwa mduara kwenye kona na kuuleta mshono kwenye uso ulio tambarare, badala ya kukutanisha bati mbili kwenye ncha kali na kuzichomelea hapo.

Kwa ndani kunahitajika kuta zenye matundu ili mafuta yasikimbie kama maji ya ndoo iliyobebwa kichwani na mtoto. Lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa takribani kilo 0.72, kwa hiyo lita 40 ni karibu kilo 29. Mzigo huo ukihamia nyuma kwa pamoja wakati ndege inapandisha pua, rubani huongezewa mwinuko ambao hakuuomba.

Kulifunga tangi kwa bolti moja kwa moja kwenye fremu ni kosa jingine, kwa sababu fremu ikijipinda nalo hupindwa. Lilazwe kwenye kitanda chake, lishikwe kwa mikanda ya bati, na kati ya mkanda na tangi kuwe na mpira au kitu kingine kisichonyonya unyevu. Nasisitiza kutonyonya, kwa sababu nimeona watu wakiweka vipande vya zulia. Hapa kwetu hewa inatoka baharini ikiwa na chumvi. Zulia hilo hubaki na unyevu wenye chumvi mchana na usiku, na baada ya misimu miwili ya mvua utalikuta bati limeliwa vidoa vidoa pale pale ambapo jicho halifiki. Hali ni hiyo hiyo kwa viungo vya shaba vilivyokazwa moja kwa moja kwenye alumini: palipo na chumvi, alumini ndiyo huliwa.

Wapo watakaosema tuachane na bati, tutumie faiba, kwani mafundi wa boti wa Kunduchi na Kigamboni wanaimudu vizuri. Wanaimudu, kwa boti. Resini ya kawaida ya poliesta inayotumika kwenye boti haifai kukaa na petroli, hasa petroli iliyochanganywa na ethanoli, ambayo hulainisha hata baadhi ya resini nyingine zinazosifiwa. Resini ya vinilesta hustahimili zaidi, na hata hiyo ni lazima kipande chake kilowekwe kwenye mafuta yale yale yatakayotumika, kwa wiki kadhaa, kabla ya kuaminiwa. Hatari nyingine ni povu gumu linalowekwa katikati ya tabaka za faiba. Mtu yeyote anaweza kulijaribu nyumbani, nje na mbali na jiko: achukue kile kiboksi cheupe cha kubebea chipsi, adondoshee petroli, atazame. Kiboksi kitayeyuka mbele ya macho yake. Burt Rutan, mbunifu wa Marekani ambaye ndege zake za faiba ziliundwa na watu wengi majumbani, alitumia povu la jamii hiyo ndani ya mabawa, lakini kwenye sehemu zilizobeba mafuta alitumia povu la aina nyingine ambalo petroli haiwezi kuliyeyusha. Anayenakili picha ya ndege kutoka mtandaoni bila kuwa na michoro hawezi kuiona tofauti hiyo, maana kwa nje yote ni meupe yaliyopakwa rangi.

Madumu ya plastiki ya lita 20 sitayasemea sana. Ndege nyepesi kabisa duniani huruka na matangi ya plastiki yaliyofinyangwa mahususi kwa mafuta, nayo ni mazuri. Dumu la mafuta ya kula si tangi. Hata katika kumimina, dumu la plastiki lina tabia mbaya: mafuta yakipita hukusanya umeme tuli, na plastiki haina njia ya kuupitisha umeme huo kwenda ardhini, kwa hiyo cheche hungoja hadi mdomo wa dumu ukaribie mdomo wa tangi. Atumie chombo cha chuma, faneli ya chuma, na waya unaounganisha chombo, faneli na mwili wa ndege kabla ya tone la kwanza kumwagika.

Tangi linapaswa kupumua. Injini ikinywa lita 25 kwa saa, hewa lita 25 ziingie badala yake. Zisipoingia, tangi hujinyonya, bati huingia ndani, na mwishowe mafuta hukoma kutoka wakati kipimo bado kinaonyesha nusu. Tundu la kupumulia lielekezwe mbele, kwenye upepo, wala lisiwekwe juu ya bawa ambako hewa hunyonya, kwa sababu hapo litayavuta mafuta nje badala ya kuingiza hewa. Mfuniko wenye mpira uliochakaa huleta hasara ileile. Na katika jiji hili kuna nyigu. Kila mwenye nyumba Dar es Salaam anamjua yule nyigu anayejenga kwa udongo kwenye tundu la kitasa, kwenye mfereji wa dirisha, kwenye bomba la antena. Kwake tundu la tangi ni nyumba iliyokwisha kupauliwa. Tarehe 6 Februari 1996, ndege ya Birgenair iliyoondoka Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika ilianguka baharini na watu wote 189 waliokuwamo wakafa, baada ya bomba la kupimia mwendo kuziba. Wachunguzi walishuku kiota cha nyigu wa aina hiyo. Lile halikuwa tundu la tangi, lakini mdudu ni yule yule na tundu linafanana. Wavu mwembamba na kifuniko cha kitambaa chekundu wakati ndege imelala vinatosha, mradi rubani akumbuke kukivua.

Maji nayo huingia kwa njia yake. Tangi lililoachwa nusu usiku huvuta hewa yetu yenye unyevu, alfajiri unyevu huo huganda kuwa matone ukutani na kushuka chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Kwa hiyo tangi liwe na kishimo sehemu ya chini kabisa, chenye koki ya kutolea maji, na bomba liendalo kwenye injini lianzie juu kidogo ya kishimo hicho. Kanuni nilizozitaja zilitaka kishimo kisichopungua robo asilimia ya ujazo wa tangi, wala kisiwe chini ya takribani robo lita kwa tangi dogo. Tangi la kijana wetu lilitoa mafuta kutoka chini kabisa, maana yake ni kwamba tone la kwanza la maji lingekuwa kinywaji cha kwanza cha injini. Kila asubuhi rubani akinge kidogo kwenye gilasi inayoonyesha, atazame kama kuna tabaka mbili. Hata harufu ni kipimo: nchi ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ililazimika kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji si nchi ya kuamini dumu lolote kwa macho tu. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa ikiifikisha bodaboda nyumbani kwa kukohoa, haimaanishi kwamba itaifikisha ndege juu ya minazi.

Kuhusu koki ya kufungulia mafuta, natoa mfano mmoja ambao wapenzi wa muziki watausikia kwa uchungu. Mwimbaji John Denver alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 karibu na Pacific Grove, California, akiendesha Long-EZ, ndege iliyobuniwa na huyo huyo Rutan na kuundwa na mtu mwingine. Katika michoro, koki ya kubadili tangi iliwekwa mahali ambapo rubani angeifikia kwa urahisi. Aliyeiunda ndege ile aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Wachunguzi wa Marekani walihitimisha kwamba Denver, aliyekuwa ameondoka na mafuta machache, alipojipinda ili aizungushe koki hiyo, pasipo kukusudia alikanyaga kanyagio la kulia la usukani na ndege ikamtoka mkononi. Vioo vya kuonyesha kiasi cha mafuta havikuwa na alama. Aliyeihamisha koki alitaka kuepusha mabomba ya mafuta yasipite ndani ya chumba cha rubani, yaani alifanya hivyo kwa ajili ya usalama. Mfano huu huwa nautumia kwa kila anayeniambia kwamba badiliko lake ni dogo.

Sasa nifikie ninachokiomba. Kuna majaribio matatu yanayoweza kufanyika katika ua wowote wa Dar es Salaam, na naamini hakuna ndege ya kujiundia inayopaswa kuwashwa injini hata mara moja kabla hayajafanywa mbele ya shahidi anayejua anachokitazama.

La kwanza ni la hewa. Matundu yote huzibwa isipokuwa moja, ambalo huunganishwa na mpira mwembamba unaoonyesha, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji. Hewa hupulizwa kwa mdomo au kwa pampu ya baiskeli, polepole, hadi tofauti ya maji kati ya pande mbili za mpira ifike sentimita 70, ambayo ni sawa na pauni moja kwa inchi ya mraba. Kisha mishono yote hupakwa povu la sabuni, na tangi huachwa kivulini hadi kesho yake saa ile ile, kwa sababu jua la mchana peke yake litapandisha maji na kukudanganya. Wengine hufunga puto kwenye tundu moja ili lisaidie kushikilia hewa, nalo ni wazo zuri. Kisichoruhusiwa ni kompresa ya fundi wa matairi. Pauni moja inaonekana si kitu, lakini kwenye uso wa tangi wenye sentimita 40 kwa 50 hiyo ni sawa na kulikalisha juu yake mzigo wa kilo 140. Matangi ya bati ya viwandani yalijaribiwa kwa pauni tatu na nusu, na hayo yalijengwa kwa kazi hiyo; kompresa ya mtaani hutoa zaidi ya pauni 100, na tangi litapasuka kabla mkono haujafika kwenye swichi.

La pili ni la mtiririko, na ndilo linaloachwa mara nyingi kuliko yote. Ndege huinuliwa pua kwa pembe ile ile itakayopandia angani, au zaidi kidogo, tangi likiwa na mafuta machache, bomba hufunguliwa pale linapoingia kwenye kabureta, na mafuta yanayotoka hupimwa kwa saa. Kwa mfumo unaotegemea mteremko peke yake, kanuni zilitaka mara moja na nusu ya kiasi ambacho injini hunywa inapopaa kwa nguvu zote. Kwa mfumo wa pampu, mara moja na robo. Injini ya Rotax 912 ULS, ambayo ni maarufu kwa ndege za aina hii, hunywa kama lita 27 kwa saa inapopaa. Mara moja na nusu yake ni lita 40 na nusu kwa saa, au mililita 675 kwa dakika, kwa hiyo chupa ya maji ya lita moja na nusu inapaswa kujaa ndani ya dakika mbili na robo. Ikichelewa, kuna kona kali, chujio dogo au mpira uliobanwa mahali fulani, na ni afadhali kupatafuta hapo chini. Jaribio hili lifanywe uwanja ukiwa wazi, na simu na sigara zikiwa mbali.

La tatu hufuata hapo hapo: ndege ikiwa bado imeinua pua, mafuta huachwa yatoke hadi yakome, kisha yaliyobaki hukingwa na kupimwa. Hayo ndiyo mafuta yasiyotumika, na kipimo kinapaswa kusoma sifuri yakiwa bado yamo.

Si mimi niliyeyagundua haya. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilichapisha mwaka 2012 utafiti wake kuhusu ndege za kujiundia, ikaona kwamba hitilafu za injini na mfumo wake wa mafuta ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya ajali zake, hasa katika safari za mwanzo, na ikapendekeza kwamba majaribio ya mfumo wa mafuta yaandikwe na kuthibitishwa kabla ndege haijaruhusiwa. Huko mtu anaruhusiwa kujiundia ndege mradi zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu wanaojifunza au kujiburudisha, kisha kwa kawaida huirusha saa 25 au 40 za majaribio katika eneo alilopangiwa, bila abiria. Uingereza, chama chao cha Light Aircraft Association kina wakaguzi wanaomtembelea muundaji wakati ndege ingali mifupa, na kwa tangi hilo ni jambo la maana sana, kwa kuwa likishafunikwa ndani ya bawa hakuna mkaguzi atakayeuona mshono wake.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga iko hapa hapa Banana, Ukonga. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko Mabibo na kinafundisha wahandisi wa matengenezo ya ndege. VETA Chang'ombe kuna walimu wa kuchomelea. Ninachopendekeza ni kwamba Mamlaka itoe karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza tangi linalokubalika na majaribio haya matatu, na kwamba kijana aweze kulipeleka tangi lake, kabla halijafungwa kwenye ndege, mbele ya mwalimu aliyeidhinishwa katika mojawapo ya vyuo hivyo, likajaribiwa na kupigwa muhuri kwa ada anayoiweza. Karatasi hiyo isimpe mtu haki ya kuruka. Kibali cha kuruka ni suala jingine, lenye masharti mengi zaidi, na anayedhani anaweza kulikwepa kwa kurukia shambani Bagamoyo amekosea. Lakini ilivyo sasa, anayeunda hujificha hadi siku ya kuwasha injini, na siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kugundua kwamba silikoni ya madirisha haiivani na petroli.

Kijana wetu ameanza tangi jipya, safari hii la bawani, mawili ya lita 25 kila moja. Bado anatafuta bati la 5052, na ameniomba nisitaje jina lake hadi litakapopita jaribio la hewa. Lile la kwanza lilisafishwa kwa maji na sabuni mara kadhaa, likakaa wazi juani kwa wiki mbili, kisha tukalikata kwa mkasi wa bati, bila msumeno wa umeme. Ndani ya mshono ulioonekana mzuri kwa nje tulikuta ufa wa urefu wa kidole gumba. Nimezihifadhi nusu zote mbili stoo, na mpigapicha wako anakaribishwa siku yoyote baada ya saa kumi.

Fundi ndege mstaafu,
Ukonga, Dar es Salaam